Tabaka la Kwanza

Kazi yangu ni chekeche.
Wanaume wanakwangua kwa mwiko, kidogo kidogo,
kama wanaombandua mgonjwa bendeji.
Mimi napokea ndoo, namwaga, natikisa.
Udongo unapita. Kinachokataa kupita ndicho chetu.
Elfu kumi na tano kwa siku, na chai.

Mwalimu Riziki wa Mambo ya Kale ametufundisha
kuwa shimo husomwa kinyume:
unaanza na jana, unaishia kwa waliotangulia.
Shimo la mwanzo tulifika tabaka la nne,
mkaa, miba ya changu, kigae cha kijani cha Uchina,
na ushanga mmoja mwekundu, punje ya mtama.
"Huu," akasema, "umetoka Gujarati."
Tukaupokezana viganjani kama mtoto wa siku saba.
Hakuna aliyeuliza nani aliuvusha,
alilipa nini, kwa nani, usiku au mchana.
Ukapewa namba. Ukalazwa kwenye pamba.

Shimo jipya, la pembe ya kibla, bado liko juu,
na tabaka la kwanza halina hadhi.
"Takataka hizo," husema Shaame msimamizi, "mwageni."
Basi tangu Jumatatu namwaga:
karatasi za biskuti, betri, kamba ya jaketi la kuokolea,
ndala ya mguu wa kushoto, ndogo,
imeandikwa kwa wino herufi nisizozijua,
herufi zenye miguu na mikono,
kama watu wanaokimbia.

Hapo ukuta wa msikiti bado unakinga upepo,
na aliyeko baharini haoni mwanga wa kiberiti.

Ndagoni tunajua.
Tunajua kama tunavyomjua anayekula mchana wa Ramadhani.
Kuna usiku injini inazimwa mbali,
watu wanashuka, maji kifuani,
wanakaa siku mbili, tatu, wakingoja chombo cha pili,
na nahodha hana jina, ana namba ya simu,
na namba yenyewe hubadilika.
Asubuhi yake mikate dukani imekwisha
na kijijini hakuna hitima.

Jana, ndoo ya sita, kikabaki kifuniko.
Plastiki nyekundu, cha chupa ya chai.
Nikakigeuza.
Ndani, nukta tatu za rangi ya kucha.

Nukta hizo nilizitia mimi
mwaka wa harusi ya Zuleikha,
vyombo vyangu visichanganyike na vya watu.
Massoud aliniambia chupa imevunjika.
Aliniambia mwezi wa Rajabu, anakula, hakuinua uso.
Shaabani tukaezeka bati.
Nikasema alhamdulillahi. Sikuyahesabu mabati.

Waambao siri ya mtungi aijuaye kata.
Hapa mtungi ni vigae mia na sita, vimeoshwa, vimeanikwa,
na kata ni mimi.

Kumbe ile chai ya lindo la karafuu,
"chemsha nyingi, mke wangu, tangawizi izidi,"
ilikuwa ikinywewa hapa, na wasiojua kuniita kwa jina.
Sijui kama ilitosha.
Sijui kama yule wa ndala ndogo alifikiwa.

Nilirudi kwenye lundo nikaifukua.
Nikaipima kwa mkono wangu:
haikufika ncha ya kidole cha kati.
Nikatafuta ya kulia mpaka jua likanichoma kisogo.
Haipo.
Nataka kuamini kuwa mtu anaweza kupanda chombo
na ndala moja.

Shaame akaita, "Kuna kitu huko?"
Ulimi wangu tayari ulikuwa unalitafuta neno takataka.

Nikachukua mfuko, na kalamu ya Mwalimu isiyofutika,
nikaandika kama tulivyofundishwa:

Pembe ya kibla. Vidole vinne chini.
Tabaka la kwanza.
Ndala moja, kushoto.
Kifuniko kimoja.
Mwenye kifuniko yupo.