Kutoa kwa Kukopa

Sifuri kutoa nane?
Haiwezekani, tuliimba, watoto tisini na wanne
wa Darasa la Tatu B, Kiboriloni.
Basi nendeni kwa jirani, akasema Mwalimu Ndeshukurwa,
chaki mkononi imebaki kama jino la maziwa,
bisheni hodi, mkope kumi.
Tukagonga madawati: Hodi!
Naye akaitikia kwa niaba ya makumi: Karibuni.
Ila mkishakopa, mkateni jirani kwa mstari mmoja,
juu yake mwandike alichobaki nacho.
Jirani amepungua. Msijifanye hamkuona.

Mimi nilikuwa nasahau.
Kila zoezi nilikopa, nikamwacha jirani mzima,
na kila zoezi nikarudishiwa na kosa jekundu.

Sikujua kwamba jirani alikuwa mtu:
Mama Aikande wa gengeni, mwenye daftari la madeni
ambamo jina la mwalimu wangu lilirudi kila ukurasa,
unga kilo mbili, mafuta robo, kiberiti.
Sikujua kwamba mshahara wake uliingia asubuhi
na kuaga kabla chai haijapoa,
wala kwamba zile kashata za mapumziko,
tulizonunua kwa kusukumana,
alizikaanga yeye, saa kumi ya usiku.

Leo nakaa ofisi ya halmashauri, Moshi, ghorofa ya pili.
Dirisha langu linatazama mlima, siku ukijisikia kuonekana.
Mezani nina madai ya walimu:
likizo zisizolipwa, uhamisho wa kujigharamia,
daraja lililopanda kwa barua
mshahara ukabaki chini ya ngazi ukiangalia juu.

Faili lake limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Mwandiko niliujua kabla sijalisoma jina.
Tofauti ya mshahara, miezi thelathini na minane.
Jedwali kalichora kwa rula,
na chini ya jibu kapiga mistari miwili, kama alivyotuamuru.
Nilihakiki kwa kikokotoo, nikarudia kwa penseli.
Hakukosea hata senti.
Kisha nikaandika nilichoelekezwa kuandika:
Fedha zikipatikana.

Mwezi wa sita bajeti ikasomwa redioni.
Tulizima feni ili tusikie.
Tarakimu zikapita kama msafara wa wakubwa:
king'ora, vumbi, halafu barabara tupu.
Nikajaribu kuiandika trilioni pembeni ya gazeti.
Sifuri kumi na mbili, mwalimu. Nilizihesabu mara mbili.
Serikali ikipungukiwa, jirani yake ni nani?
Na mbona miaka yote hii
hodi inabishwa kwako,
na hakuna aliyekukata kwa mstari
akaandika juu yako ulichobaki nacho?

Alhamisi alikuja mwenyewe,
barua nakala tatu, picha mbili, kwa uhakiki wa nne.
Viatu kavipiga rangi, lakini soli inacheka.
Akanitazama juu ya miwani.
Terevaeli? Wewe uliyekuwa unamsahau jirani?
Nikasimama, mwanamume wa miaka arobaini na moja,
mikono nyuma.

Nikaanza pole. Akaikatiza pole yangu njiani.
Nimebakiza miaka miwili nistaafu, akasema.
Pole nimelipwa tayari, tena kwa wakati.
Niandikie tarehe.

Sina tarehe. Tarehe haikai kwenye meza kama yangu.
Alipoondoka nilisikia hatua zake ngazini,
taratibu, akipumzika kila baada ya vidato vitano.

Nikalifungua tena faili.
Neno zikipatikana nikalikata kwa mstari mmoja,
safi, bila kuchafua karatasi,
na juu yake, kwa herufi ndogo,
nikaandika: zipo. Alipwe.

Faili limeshapanda kwenda juu.
Jumatatu naitwa kwa mkurugenzi.
Nitakwenda na rula.