Kipimo cha Sombe

Damu nzito kuliko maji, tuliambiwa tangu utoto.
Hakuna aliyetuonya kwamba uzito nao una mpaka,
kwamba damu yaweza kuganda mguuni mwa mtu aliye hai
kama mawese ya kipupwe
ndani ya chupa, dirishani, hapa Mwandiga.

Mguu wako wa kushoto, Ntiruhungwa,
uliokwea michikichi miaka ishirini na miwili,
ulivimba shavu, ukawaka moto,
ukang'aa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa jana.
Ukasema ni uchovu.
Siku ya tatu pumzi ikakukatikia kwenye ngazi za kanisa;
uchovu gani huo unaokaba?

Maweni walikulaza siku kumi na moja.
Tukarudi na vidonge vya rangi ya waridi,
kijitabu chenye mistari mitupu,
na sauti ya Nesi Editruda:
"Dawa hii haina mzaha.
Ikipungua, damu inaganda.
Ikizidi, damu inasahau kuganda.
Tunataka namba kati ya mbili na tatu. Basi."

Kati ya mbili na tatu!
Mimi muuza mawese
najua kilichopo kati ya lita mbili na tatu:
ni sabuni, ni daftari la mtoto.
Sikujua kwamba paweza kukaa mume.

Wakanijia wenye maneno: majani ni adui wa dawa hiyo.
Nikaizika sombe. Mchicha, matembele, vyote marufuku.
Wiki tatu ugali na dagaa, dagaa na ugali,
hadi asubuhi ile mswaki ulipotoka mwekundu kinywani mwako,
na kipimo kikasema nne na nusu.
"Nani alikwambia uache?" Nesi akanikazia macho.
"Mle. Ila leo isiwe bakuli, kesho sufuria."

Ndipo nikalitoa bakuli la kingo ya bluu,
lenye ufa mdogo ubavuni.
Jumatano na Jumamosi, sombe hadi kwenye ufa,
isizidi, isipungue.
Ulinicheka: mke amekuwa mizani ya pamba.
Cheka tu.

Usiku wa matanga kule Kiganza ulisahau kidonge.
Kesho yake ukataka kumeza viwili, ulipe deni.
Nikakushika mkono. Deni la jana halilipwi hapa;
liandike kitabuni, Nesi alione, umeze cha leo.
Jirani Kabonya akakuletea diklofenaki za mgongo,
kwa moyo mweupe kabisa.
Nilizirudisha na kisonzo cha karanga juu yake, asinune.
Na unga wa mlonge wa yule kijana wa stendi,
unaotibu kila kitu, hata talaka,
nilimwambia aubakize kwa wenye ndoa mbaya.

Lakini wewe, mwanamume wewe,
alfajiri moja ukachukua kamba na panga ukaenda kukwea.
Ulirudi mkono mfukoni.
Mfuko ukasema kabla yako.
Kidole gumba tu, mkato usiozidi ukucha,
na damu inatembea kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikaubana kwa pindo la khanga,
nikahesabu hadi mia sita bila kufunua kuchungulia,
nawe ukahesabu pamoja nami kwa Kiha,
polepole, ukipotea kila ukifika arobaini.
Ilipokoma hatukusema neno.
Tukaenda Maweni hivyo hivyo, wakaipime.

Kamba umempa Buchumi, mtoto wa dada yako.
Unasimama chini sasa, shingo juu,
unamkaripia kwa kila kuti analokata vibaya.
Najua kinachokuuma si mguu.

Saa mbili usiku, redio ya Kabonya inaanza habari.
Kidonge, maji, alama ya kalamu.
Leo Jumatano.
Nachota sombe, naijaza taratibu,
naisubiri ifike kwenye ufa.