Inazimia Pongwe

Ngamiani inawaka vizuri, Pijo yangu, inanguruma.
Ikifika Pongwe inakata pumzi,
inazima kama mtu aliyekumbuka deni.
Ngoja dakika kumi, piga stata: inawaka,
kana kwamba wewe ndiye mwongo.

Fundi Shebughe akafungua filta: safi.
Akalegeza nati za nozeli, akaniambia, "Piga!"
Dizeli ikaruka bila povu.
Akaupapasa mpira wote, kidole kwa kidole,
akalala chini ya gari hadi adhana ya alasiri
ikapita juu ya miguu yake.
"Pampu," akasema. Nikauza kabati.

Pampu mpya. Pongwe ileile.

Leo kashusha tangi, kaliinamisha juu ya karai,
kaingiza waya uliopindwa ncha,
akavua, polepole, kitambaa cheusi
chenye vifungo viwili.
Kikinyonywa, kinaziba mdomo wa bomba;
injini ikilala, kinaachia, kinaelea.

"Mkono wa shati," akasema. "Nani katumbukiza?"

Nikaukumbuka mfuniko uliopotea Hale,
mvua ile, usiku ule,
na shati langu la harusi.
Nikatazama spana zake zilivyopangwa juu ya gunia.

"Watoto," nikasema.