Sekunde Kumi na Moja

Bi Zuurakan, mkuu wetu wa shule, hakuja na fomu.
Alikuja na saa ya mkononi ya marehemu mumewe,
akaketi nyuma, kwenye kiti cha mtoto wa darasa la tano,
magoti karibu yamguse kidevu,
koti hajalivua, theluji ya Naryn ikimdondoka mabegani
tone, tone, hadi sakafuni.

Nikafundisha sehemu. Nusu, robo, thumuni,
mkate wa duara nimeuchora ubaoni.
Nikauliza, nikajibu,
nikauliza, nikajibu,
kama mtu anayecheza bao peke yake.

Kengele ilipolia nikangoja hukumu.
Akanipa kikaratasi chenye tarakimu moja.
"Ukiwauliza, unawangoja sekunde moja.
Nimehesabu muda. Sikukuhesabu wewe."

Usiku ule sikupata usingizi.
Nilimkasirikia, hasa kwa kuwa hakukosea.

Jumatatu akanisimamisha kwenye korido:
"Alhamisi nenda At-Bashi, kwa Sagynbek.
Anafundisha kama mtu aliyesahau kuna haraka.
Mafuta ya gari yamelipwa. Darasa lako nitalishika mimi."
Yeye! Miaka kumi na tisa hajagusa chaki,
vidole vyake vimezoea mihuri na madeni ya makaa.

Nikaenda. Nikaona kimya kinavyofanya kazi.
Niliporudi watoto walikuwa bado wanacheka:
alijikwaa kwenye theluthi, akafuta, akaandika, akafuta,
mwisho akamwita Cholpon, binti wa mchunga farasi, amwokoe.

Wala hakuficha. Aliivua ile saa, akanikabidhi.
"Wiki ijayo nasimama tena. Kaa nyuma. Nihesabie."

Nikakaa. Kiti kile, jamani, kinamtia mtu adabu.
Akauliza. Moja. Mbili. Jiko la makaa likakohoa.
Tano. Mkuu wa shule, mikono mgongoni,
midomo kaibana kama aliyejaza maji kinywani.
Tisa.
Kumi.

Kwenye ya kumi na moja, Ermek,
Ermek ambaye tangu Septemba sikuwahi kuisikia sauti yake,
akasema, "Thumuni tatu."

Halikuwa jibu sahihi.
Lakini lilikuwa lake,
na hakuna aliyemkatiza,
hata mimi, niliyekwisha kufungua kinywa.