Daftari la Kuingia na Kutoka

Kwa bodaboda, jina la baba halisaidii kitu.
Sema "Kwa Mbwa", Nkuhungu, utafikishwa getini,
na nauli itapanda mia tano, ya woga.

Saa kumi na moja kasoro, hata adhana bado,
anaanza yule mweusi wa banda la nne.
Mmoja akibweka, kumi na wanane wanaafiki
kama wajumbe waliokwisha kulipwa posho.
"Haya, nimesikia," anasema mama,
akitafuta kandambili gizani,
anatoka na moja yake, moja ya baba.

Uji wa uwele, vichwa vya dagaa,
mifupa kutoka bucha ya Chilongola
anayetuuzia kwa bei ya nyama
kwa kuwa anajua hatuna pa kwenda.
Maji ya bomba ni Jumanne na Ijumaa.
Siku nyingine mbwa wanakunywa kwanza,
sisi tunaoga kwa hesabu.
Nimesoma shule nzima nikinuka sabuni ya kupe,
dawati la watu watatu nikikaa peke yangu.
Sikulalamika. Nilipata pa kutandaza daftari.

Daftari ndilo kazi yangu.
Tajiri, wa mama wa Hazina: semina, Morogoro. Hali dagaa.
Popi, na Popi mwingine. Tafadhali msiwachanganye tena.
Bosi: anaogopa radi na ndoo nyekundu.
Jemadari, wa mhandisi wa reli. Siku tano.
Amelipa tatu.

Baba alikuwa askari wa kikosi cha mbwa
miaka ishirini na sita. Amestaafu,
sauti yake haijastaafu.
Akisema "Kaa!" banda zima linakaa,
na fundi wa antena naye aliwahi kukaa,
juu ya bati, bisibisi mkononi.

Mwezi wa saba upepo hubeba uwanja wa jirani
na kuumwaga kwenye sufuria letu.
Ndio mwezi wa kumwandaa Zabibu,
jike la Kijerumani, mgongo kama mteremko wa Mlimwa.
Mama anampima kifua kwa futi ya cherehani,
anampiga mswaki (mswaki wa kaka Ndahani,
lakini Ndahani hajui).
Jioni baba anamzungusha kwenye vumbi:
"Kichwa juu! Mkia usiombe msamaha!"

Nzuguni, uwanja wa Nanenane.
Jaji katoka Arusha, glovu nyeupe,
akamfunua mdomo kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.
Zabibu akasimama. Wallahi alisimama,
hata inzi aliyetua puani aliona haya, akaondoka.
Ndipo ng'ambo ya uzio mtu akageuza mshikaki.
Zabibu akatazama,
akaenda zake, polepole, kwa heshima,
kama mtu aliyeitwa ofisini,
na baba nyuma ya kamba, naye akaenda.

Tulirudi na utepe wa ushiriki
na mishikaki miwili ambayo ilibidi ilipiwe.
Baba hakusema neno mpaka tulipopita Ipagala.
Hapo akacheka, akakohoa, akacheka.

Nyumbani Jemadari alikuwa getini.
Huyu hakuna anayempima. Sikio moja limechanika,
kiuno kimelegea, na siku zake tano
sasa zina miezi mitano.
Kila Ijumaa baba anapiga ile namba,
anaweka sauti ya nje.
Yule mwanamke wa kwenye simu anajibu
kwamba mteja hapatikani kwa sasa,
na mkia wa Jemadari unapiga bati, pa, pa, pa.
Anadhani ni mtu wao.
Basi baba anampigia tena, na tena.
Bahati nzuri, asiyepatikana hali salio.

"Andika deni," mama ananiambia kila jioni,
na mimi naandika: chakula, dawa, banda, siku.
Kisha anarudi kwenye sufuria,
anakwangua ukoko wa chini, ule mtamu,
anamwongezea kwenye sinia lake.
"Na huo," anasema, "usiuandike."