Iksia za Penzance

Oktoba tulizika vitunguu vya iksia, vidogo kama karanga,
vidole vinne kwenda chini, mchanga mwingi, samadi kidogo.
Bwana Trewhella alinionya: usivinyweshe kama unaogesha mtoto.
Februari jalidi iliganda juu ya kioo
nami nikavifunika magunia usiku, tochi mdomoni.

Mei mashina yakasimama, membamba kama waya wa baiskeli,
na maua meupe, ya waridi, moja la kijani
ambalo hata yeye hakujua lilikotoka.

Kata asubuhi, akasema, ua la chini likianza kufumbua jicho.
Ndoo ya maji baridi, gizani, hadi kesho.
Usiniulize sababu; Loveday ndiye aliyejua sababu.

Loveday tulimzika Alhamisi.
Nilimkatia mashina sitini, nikayafunga kwa uzi wa katani.
Mawingu yalikaa juu ya kanisa kama mfuniko wa sufuria
na iksia hazikufumbuka. Hata moja.
Watu waliona fungu la vijiti. Nikaona haya, kama mpishi
aliyepakua ubwabwa mbichi.

Ijumaa nikapita kuchukua ndoo.
Jua lilikuwa limeingia jikoni kwake bila hodi,
na kwenye jagi, kati ya vikombe visivyooshwa,
iksia tano alizobakiza zilikuwa wazi, wazi kabisa, zimeachama.
Bwana Trewhella ameketi mbele yake, kofia kichwani.

"Zimechelewa," akasema.

Nikavuta kiti.
Saa kumi jua likahama meza, zikaanza kufunga.