Saa Kumi, Dundee

Kazi yangu ni kuvusha maneno, si kuyafungua.
Walinifundisha hivyo kwa siku mbili, wakanipa kitambulisho chenye kamba:
mkalimani hana maoni, mkalimani halii.

Chumba kiko juu ya duka la mafundi baiskeli.
Ishbel huwasha hita, huvua viatu,
na Bwana Byamungu hukaa ukingoni mwa kiti
kama mtu anayengoja kuitwa kwa jina lisilo lake.

"Unahisi nini?"
Naligeuza swali. Naligeuza tena.
"Moyo umenipanda hadi hapa," anagusa koo,
"na tumboni kuna baridi, kama nimemeza pasi iliyozimwa."
Fomu ina visanduku vinne:
hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu, karibu kila siku.
Hakuna cha moyo uliopanda.
Ishbel anailaza fomu sakafuni, kifudifudi.
"Basi tuanzie kooni."

Nyayo zote mbili ziguse zulia.
Taja vitu vitano unavyoviona.
"Kiti. Taa. Mvua. Soksi zako za kijani.
Koti lako pale mlangoni, pindo limefumuka;
aliyelishona alitumia uzi dhaifu, alikuwa na haraka."
Wiki ya sita hii,
na ndiyo kwanza sentensi yake imeota mkia.
Uvira alikuwa fundi cherehani.
Hapa anakunja mashuka ya hospitali, usiku kucha.

Kisha pumzi: vuta kwa nne, toa kwa sita.
"Kama kuvuta uzi," anasema, "mpaka fundo liguse kitambaa."
Navusha fundo, navusha kitambaa.
Ishbel anaandika hilo, analipigia mstari.

Wasiwasi haufukuzwi, anasema, hupewa miadi.
Dakika ishirini, kila siku, saa ileile.
Ukikujia kazini uambie: bado, rudi kesho.
Saa yake ikifika, kaa nao, uandike;
kengele ikilia, funga daftari, inuka, osha kikombe.
Saa ngapi?
Akataja namba, nami usingizi ukiwa machoni
nikaivusha mbichi, sikuipika:
"Saa kumi."

Nililigundua kosa ndani ya basi,
daraja limemezwa na ukungu hadi kiunoni.
Kumi yao ni asubuhi, wakati wa chai ya pili.
Kumi yetu ni alasiri,
na Desemba, katika mji huu, alasiri ni usiku.
Nilitoa simu. Nikairudisha mfukoni.
Aibu nayo ina mikono yake.

Akarudi na daftari limejaa hadi nusu.
"Mwambie, alijuaje?
Asubuhi mimi nimelala kama gunia.
Ni saa kumi, jua likishatoroka, ndipo wanaponijia:
mdogo wangu; cherehani niliyoifunika shuka;
mlango ambao hadi leo sijui kama niliufunga.
Sasa wananikuta mezani, na kalamu.
Jumanne hawakuja.
Nikawangoja, nikawangoja, nikaosha kikombe."

Hapo nikasema *mimi*,
mimi ya kwangu, isiyo yake wala ya Ishbel:
"Lile lilikuwa kosa langu. Saa zetu hazilingani."
Ishbel akanitazama kwa muda,
akafuta namba, akaandika nyingine,
wala hakusema nimekosea.

Byamungu akachomoa sindano kwenye ukosi.
Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.
Zipo kanuni kuhusu zawadi; nilimwona Ishbel akizipitia usoni,
moja moja,
kisha akalitungua koti, akampa.

Dakika kumi hakuna aliyesema neno.
Sikuwa na cha kuvusha.
Nikasikia chini mtu akipuliza gurudumu,
nikatazama, kumbe nyayo zangu zote mbili
zimeshagusa zulia.